Karakana ya mipira ya oili, Lamu Road Malindi: kazi waliyonifanyia kwenye injini ya rotari

Malindi kuna karakana ya mipira ya haidroliki, upande wa Lamu Road, ambayo wenye malori ya chumvi ya Gongoni na wenye boti za uvuvi wanaijua vizuri. Mimi niliwapelekea kazi ya aina nyingine: Mazda 13B, injini ya rotari (isiyo na pistoni) iliyotolewa kwenye gari la RX-8, ambayo naifunga kwenye ndege ndogo ya viti viwili ya mteja wangu. Nilitaka tupange pamoja mahali pa filta ya oili na rejeta ya oili, wanitengenezee vishikio, na wanikatie mipira ya kuviunganisha na injini. Nawapa nyota nne kati ya tano. Mipira yao ni safi kuliko yoyote niliyowahi kuipata pwani hii, filta imekaa mahali pake hasa, na rejeta ilibidi wairudie. Nyota ya tano imepotelea hapo kwenye rejeta.

Ndege yenyewe bado haijaruka, na haitaruka mpaka wakaguzi waipitie. Ninayoyasema ni ya injini iliyofungwa na kuwashwa ikiwa chini.

Huenda mtu akauliza, filta na rejeta ya oili si unafunga tu panapopatikana nafasi? Kwenye lori huenda ikapita. Kwenye Wankel, yaani injini ya rotari ya aina hii, haipiti, na sababu iko ndani ya rota. Nyumba ya injini hii ina njia za maji kuizunguka, kwa hiyo joto la nje linachukuliwa na maji. Lakini rota yenyewe, ile pembetatu iliyovimba mbavu inayozunguka ndani, haifikiwi na tone la maji. Inapozwa na oili. Shafti ya katikati ina vijitundu vinavyorusha oili ndani ya tumbo la rota, oili inakokota joto, kisha inaanguka kwenye sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini. Takriban theluthi ya joto lote ambalo injini inapaswa kulitoa kwa kupozwa linapita kwenye oili. Kwa hiyo rejeta ya oili kwenye 13B ni rejeta kamili, ndugu wa ile ya maji, na ikishindwa kazi injini imeshindwa. Oili ikizidi nyuzi 100 kwa muda mrefu, raba ndogo zilizo chini ya pete za oili za rota huanza kukauka na kuwa ngumu, oili inapenya kwenye chemba ya moto, na moshi wa bluu unakutangazia habari. Zipo Wankel nyingine, kama ile ndogo ya glaida ya ASH 26 E, ambazo rota yake hupozwa na hewa. Mazda hawakwenda njia hiyo.

Na njia ya kuruka kutoka hapa kwenda Lamu, ukishapita Ngomeni, chini kuna bahari upande mmoja na vinamasi vya delta ya Tana upande wa pili mpaka ufike Kipini na kuendelea. Sitaki mtu azimikiwe na injini hapo kwa sababu ya oili ya moto.

Kilichonifanya niwaamini hawa mafundi ni swali la kwanza la mwenye karakana. Ni mzee wa makamo ya juu, watu wanamwita Ami, nami namwita hivyo hivyo. Nilimwamkia, tukakaa kwenye benchi, nikafungua mchoro wangu. Hakuuliza bei wala ukubwa wa nati. Aliuliza, "Mwanangu, oili inatoka wapi, inapita wapi, inaishia wapi?" Nikamwonyesha. Pampu iko upande ambao kwenye gari ungekuwa mbele, inaendeshwa kwa cheni. Oili inanyonywa kutoka sampu, inasukumwa kwenda kwenye rejeta, inarudi ikiwa imepoa, inapita kwenye filta, ndipo inaingia kwenye beringi na kwenye vijitundu vya kupoza rota. Pampu, rejeta, filta, beringi. Mazda waliipanga hivyo tangu kiwandani, na Lycoming nao, ambao injini zao ndizo utakazozikuta kwenye ndege ndogo nyingi hapa uwanjani, wanapeleka oili kwenye rejeta kwanza na kuirudisha kwenye chujio.

Kijana wake mmoja, fundi hodari sana wa mikono, hakukubaliana. Alitaka filta itangulie, akisema rejeta ina njia nyembamba, uchafu wa injini ukiingia humo hautoki tena, basi heri uzuiwe kabla. Hoja yake ina uzito na sikuipuuza. Lakini nilimwambia hivi: filta ni mlinzi wa beringi, na mlinzi anasimama mlangoni mwa nyumba. Ukiiweka kabla ya rejeta, kila kitakachobanduka ndani ya rejeta, ndani ya mpira au kwenye fitingi kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi, na hakuna tena cha kukizuia. Kipande cha alumini kilichobaki wakati wa kuchomelea, ganda la raba la mpira uliozeeka, mchanga ulioingia wakati wa kufunga. Ami alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia kijana, "Msikize dadako." Yakaisha.

Papo hapo Ami akanikataza jambo ambalo nampongeza kwalo mpaka leo. Mteja wangu alikuwa na rejeta ya oili ya mtumba, nzuri kwa macho, iliyotoka kwenye gari ambalo injini yake ilikufa. Ami aliishika, akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akairudisha. Injini ikifa kwa kusaga beringi, vumbi lote la chuma linakwenda kulala kwenye vile vijia vyembamba vya rejeta, na hakuna petroli wala presha ya hewa itakayolitoa lote. Angeweza kuchukua pesa zetu za kuiosha. Alikataa, akatuambia tununue mpya. Fundi anayekataa pesa kwa sababu kazi haitakuwa salama, mimi huyo narudi kwake.

Sasa mipira. Nilisimama kutazama wakikata, maana mpira wa oili unaharibika siku unapokatwa na unakuja kupasuka mwaka mwingine. Wanazungushia utepe mahali pa kukata ili nyuzi za chuma zisichanue. Wanakata kwa kisu cha meno madogo yanayozunguka, wanapuliza kwa hewa, halafu wanasukuma kipande cha kitambaa cheupe kilichofungwa duara kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kitambaa cha kwanza kilitoka na weusi. Wakapitisha cha pili, kikatoka na alama chache. Cha tatu kilitoka cheupe, ndipo wakaanza kufunga fitingi. Kisha kila mpira ulijazwa na kupandishwa presha mara kadhaa zaidi ya ile itakayofanya kazi, ukaachwa hivyo huku sisi tukinywa kahawa, na geji haikushuka. Ndani mpira una upana wa kama milimita 14, na pale panapohitaji kona walitumia fitingi zilizopindwa kwa mkunjo mrefu badala ya zile za kona kali, kwa sababu kila kona kali inaiba presha. Juu ya mipira yote iliyo upande wa injini walivisha soksi nene ya kuzuia moto, wakafunga ncha zake kwa bendi.

Urefu pia waliupima kwa akili. Injini imekaa kwenye raba, na ukiwasha au ukizima inatikisika pembeni kabla haijatulia. Mpira uliovutwa sawasawa utang'oa fitingi. Wao waliacha ulegevu wa kutosha, kisha wakaushika mpira kwa klampu zenye raba ndani, ili usisugue chuma popote. Nilipitisha kidole njia nzima na sikupata mahali panapogusa.

Filta ndiyo sehemu iliyonifurahisha zaidi. Kwenye ndege injini hii inageuzwa: upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa shafti, ambao kwenye gari unatazama nyuma, sasa unatazama propela kupitia giaboksi ya kupunguza mizunguko. Kwa hiyo mahali pa filta pa kiwandani pamebanwa, mkono haupiti, na ukifungua filta oili inamwagika juu ya vitu. Tukaihamisha kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha rubani. Upande gani? Mazda wameweka njia ya kuingiza hewa na ekzosi upande mmoja, plagi upande wa pili. Ekzosi ya rotari ni kali kuliko ya pistoni, gesi inatoka ikiwa bado na moto mwingi. Filta ikakaa upande wa plagi, chini kidogo, ikining'inia huku mdomo wake ukitazama juu. Namna hiyo inabaki imejaa oili injini inapozimwa, na asubuhi ukiwasha beringi hazingoji. Ukiifungua, unashusha kikombe kilichojaa na kukitoa kwa mkono mmoja, hakuna tone linaloelekea kwenye ekzosi.

Nyuma ya ukuta waliweka bamba la pili la kugawanya uzito, ili ule ukuta mwembamba usije ukachanika kwa mtikisiko. Na kwa kuwa filta za gari hazina tundu la kupitishia waya wa usalama, kijana yule yule aliyebishana nami alitengeneza bendi ya chuma kisichoshika kutu yenye sikio, akaivalisha filta, akapitisha waya na kuusokota kwa mwelekeo wa kukaza. Nimeona mafundi wenye leseni wakisokota waya kwa mwelekeo wa kulegeza. Huyu alionyeshwa mara moja tu akashika.

Jambo dogo kwenye filta: sensa ya presha waliiweka kabla yake. Niliomba ihamishwe baada ya filta, kwani rubani anahitaji kujua presha inayofika kwenye beringi. Filta ikiziba, geji iliyo kabla yake itaendelea kuonyesha presha nzuri huku ndani kumekauka. Walihamisha bila maneno na bila kunitoza.

Rejeta, sasa. Nilikuwa nimewaachia fremu ya pua ya ndege na maelezo ya mdomo, nikaenda kushughulika na mambo ya petroli. Niliporudi nikakuta rejeta ya oili imefungwa vizuri, kwa bolti zilizonyooka, nyuma ya rejeta ya maji. Sababu waliyonipa ni kwamba hapo ndipo upepo unapopita. Upepo unapita kweli, lakini umeshachukua joto la maji. Rejeta ya oili inataka hewa baridi ya kwake yenyewe. Tena waliifunga matundu yake yakitazama chini, maana yake hewa iliyomo ndani ya oili inapanda juu na kukaa humo, na sehemu ya rejeta inakuwa tupu huku ukidhani inafanya kazi. Tuliwasha injini hivyo hivyo ili waone wenyewe. Oili ilipita nyuzi 100 mapema sana, na bado ilikuwa inapanda tulipozima.

Lililonikera zaidi ni boksi la bati walilotengeneza la kuelekeza hewa: pembe kali, mdomo mpana kuliko ulivyohitajika, na ufa wa kidole kizima pembeni mwa rejeta. Hewa ni kama maji ya mfereji, ukiiachia ufa pembeni haitajisumbua kupita kwenye mapezi ya rejeta. Kwa karakana iliyokata mipira kwa uangalifu ule, boksi lile halikuwa la kiwango chao.

Walilirudia, na safari hii nilisimama nao. Rejeta ilipata mlango wake mdogo chini ya propela, upande wa plagi. Kutoka hapo njia inapanuka polepole mpaka inafikia uso mzima wa rejeta, ili hewa ipunguze kasi na kuongeza msukumo kabla ya kuingia kwenye mapezi. Pembeni pote wakaziba kwa ukanda wa raba. Nyuma ya rejeta njia inashuka na kutoka chini ya pua, na mlango wa kutokea ni mkubwa kuliko wa kuingilia, kwa sababu hewa iliyopata joto imevimba na inahitaji nafasi zaidi. Matundu yakageuzwa juu. Tukawasha tena kwa mizunguko ile ile, na oili ikatulia chini ya nyuzi 95. Chini hakuna upepo wa kuruka, kuna ule wa propela tu, kwa hiyo kipimo hicho si neno la mwisho. Kipimo chenyewe ni kupaa. Wakati wa kupaa ndege iko polepole na injini inatoa nguvu zake zote, na hapa Malindi, kaskazi ikikolea, hewa ya uwanjani inakuwa nyuzi 32 au zaidi. Ukipima rejeta kwa safari tulivu huko juu, ambako hewa inapoa kwa kama nyuzi 2 kila futi 1,000, utajidanganya. Rejeta hupimwa kwa zile dakika za kwanza.

Kuna siku kijana alikuja na simu, ameona picha ya injini ya zamani iliyoandikwa kuwa ni rotari, akaniuliza kwa dhati filta yake iko wapi. Ilikuwa Gnome, injini ya ndugu Seguin wa Ufaransa, ya miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ile ni familia nyingine kabisa. Silinda zote zinazunguka pamoja na propela, shafti ndiyo imesimama, na zinapozwa na upepo wa kuzunguka kwake. Ililainishwa kwa mafuta ya mbarika, yakapita mara moja na kutupwa nje pamoja na moshi. Mafuta hayarudi, basi hakuna cha kuchuja wala cha kupoza. Hii yetu ni uzao wa Felix Wankel, iliyowaka mara ya kwanza kwa NSU huko Ujerumani mwaka 1957, na oili yake inazunguka tena na tena, isipokuwa kiasi kidogo kinachochomwa kwa makusudi ili kulainisha sili za ncha za rota. Kijana alisikiliza yote hayo akiwa ameshika spana mkononi. Natamani mafundi wote wangekuwa na kiu hiyo.

Lalamiko la mwisho ni la chumvi. Vishikio vya rejeta walivifunga kwa bolti za chuma cha kawaida. Karakana yao iko umbali mfupi kutoka baharini, wanajua hewa yetu ilivyo, na kutu ilianza kuonekana kwenye vichwa vya bolti kabla kazi haijamalizika. Chuma kikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Nilizitoa zote, nikaweka zisizoshika kutu na kuzipaka grisi ya kuzuia kugandana. Ukiwapa kazi, taja aina ya bolti tangu mwanzo. Na mapezi ya rejeta yasuuzwe kwa maji baridi yasiyo chumvi mara kwa mara, kwa mpira wa bustani, usitumie mashine ya presha, itayakunja.

Baada ya injini kuwashwa kwa saa kadhaa, Ami alinikatia filta kwa kikata-filta chao, kile cha kuzungusha kisichoacha vumbi la chuma. Tulitandaza karatasi yake yote juani kwenye meza, tukapitisha sumaku. Chembe zilizoshika sumaku zingetoka kwenye rota, sahani za pembeni au gia. Zisizoshika zingekuwa za alumini au za beringi. Tulipata nywele mbili tatu za nyuzi za gasketi na mng'ao mdogo ambao ni wa kawaida kwa injini iliyofunguliwa na kufungwa upya. Kazi hii ya kukata na kukagua hawatozi ukiwa mteja wao, na nawashauri wenye boti nao waitumie.

Bei yao iko juu kidogo ya ile ya mafundi wa vibanda. Mpira unalipia kwa mita, kila fitingi na bei yake, na risiti inaandika kila kitu, nami nimeihifadhi kwa ajili ya faili ya ndege. Ukienda, beba mchoro wenye vipimo, waeleze wazi hewa inaingia wapi na kutoka wapi, na simama nao siku ya kufunga rejeta. Ijumaa wanafunga saa sita kwa ajili ya sala na kufungua tena kama saa nane, kwa hiyo fika asubuhi, na mwulize Ami mwenyewe.